Kwa Uso wa Daktari Nazmi

Nilitoa mbuzi jike mwenye mimba ili nipate zamu ya kumwongoza Daktari Nazmi mlimani. Mwenye zamu alikuwa jirani yangu Attiya, naye alinitazama kama mtu aliyerogwa.

"Mama Hmeid, hao ni wanafunzi," akasema. "Wanafunzi hawana hata bakshishi. Unatoa mbuzi kwa ajili ya nini?"

"Mbuzi ni wangu. Unamtaka au humtaki?"

Akamchukua. Attiya si mtu wa kubembelezwa kwenye mali ya watu.

Huku kwetu juu, Sinai, wageni hawagombaniwi. Kuna orodha, kila mwongoza njia na siku yake, kila mwenye ngamia na siku yake. Zamu ya ngamia siku ile ilikuwa ya ami Mteir, mzee wetu, na hilo sikulipanga mimi, Mungu alilipanga. Nazmi na Mteir katika msafara mmoja. Nililisubiri jambo hilo miaka kumi na miwili, mpaka nikadhani nitazeeka nalo kifuani.

Nieleze sababu mapema, msije mkaniona nina kichaa.

Kaka yangu Freij alikuwa mlinzi wa chemchemi ya Sfeira, kama baba yetu Mubarak kabla yake. Maji yenyewe ni kidogo, hayajazi hata ndoo mbili kwa asubuhi nzima. Lakini kando ya maji hayo paliota ua la njano lisilopatikana kwingine kokote, majani yake kama yamenyunyiziwa unga. Wazee walikubaliana tangu zamani kwamba mbuzi wasipelekwe kule mpaka mbegu zidondoke, na mgeni asionyeshwe njia. Freij alikuwa akiyahesabu maua yale kila mwaka. Mara ya mwisho yalikuwa hamsini na saba. Alikuja nyumbani akicheka peke yake, kwa sababu mwaka uliotangulia yalikuwa hamsini na moja.

Ndipo akaja Nazmi. Alikuwa peke yake, daktari mpya wa chuo kikuu cha huko Kairo, na daftari lake na viatu vyake vya kumbana. Alikula kwetu wiki tatu. Freij alimfundisha kila kitu: mawe, maji, dawa, nyayo. Siku moja akauliza habari za ua la njano, Freij akakataa. Kesho yake akauliza tena, akakataliwa tena. Siku ya tatu akaweka kiganja shavuni, kama alivyowaona wanaume wetu wakifanya, akasema, "Nionyeshe, Freij. Kwa uso wangu, hatajua mtu mwingine."

Kwetu mtu akisema "kwa uso wangu", ameiweka heshima yake rehani mkononi mwako. Hakuna karatasi inayolizidi neno hilo. Freij akamwonyesha. Mimi nilikuwepo neno lile liliposemwa, nikimimina chai.

Baada ya mwaka mmoja kikatoka kitabu chenye ramani, na ndani yake imeandikwa kwamba Daktari Nazmi aliigundua Sfeira peke yake, kwa elimu yake. Masika iliyofuata wakaja watu watatu na magunia. Hawakumuuliza mtu njia. Walipanda moja kwa moja, wakang'oa maua yote, na mizizi yake, wakaenda kuuza wanakojua wao. Freij alikuta mashimo matupu.

Wazee wakakaa kumtafuta aliyetoa siri. Freij akasema ukweli. Wakampigia simu Nazmi, na Nazmi akajibu kwamba yeye anamfahamu Freij kama mbeba mizigo tu, na kule juu hawakuwahi kufika pamoja. Nikasimama mimi, nikasema nilisikia kwa masikio yangu. Ami Mteir ndiye aliyeamua kesi. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ushahidi wa dada kwa kaka yake hauna uzito. Kaa chini."

Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa.

Wakabeba mawe meusi, wakayarundika kwenye kipito cha juu penye mawe mekundu matupu, ili yaonekane kutoka mbali. Huo ndio mnara wa mtu aliyeuza amana. Kila apitaye pale husema, "Mungu auweke mweusi uso wa Freij." Hata watoto walisema, wengine hawakumjua Freij ni nani. Kaka yangu akakunja blanketi lake akashuka pwani, akapata kazi ya kuosha masufuria hotelini, na hajakanyaga mlima tena. Binti yake ana miaka ishirini, mzuri, mpole, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumposa. Mimi nilipita na mbuzi wangu kwenye mnara ule kila wiki, nimeuma ulimi.

Kwa hiyo nilitaka jambo moja tu: Nazmi aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Freij alimpeleka, na Mteir asikie. Neno la dada halina uzito, sawa. Tuone neno la daktari.

Walishuka garini watu kumi, yeye na wanafunzi tisa. Nywele amezitia rangi. Tumbo limetangulia. Nilikuwa nimejifunika uso kama kawaida yetu, nikasimama mbele yake na fimbo yangu. Hakunitambua. Hata jina hakuwahi kumuuliza msichana aliyemmiminia chai wiki tatu, sasa angemtambua kwa lipi?

"Njia unaijua vizuri, mama?" akaniuliza.

"Najua kidogo kidogo."

"Usiwe na wasiwasi. Milima hii mimi naijua kama kiganja changu."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi leo nitajifunza kwako."

Ami Mteir alikuwa akifunga mizigo kwenye ngamia. Alinikata jicho. Yeye alimjua Daktari kwa sauti ya simu tu, na miaka imepita, na kwenye orodha ya wageni msafara ule uliandikwa kwa jina la chuo tu; mimi jina la Nazmi nilitajiwa na dereva wao. Nikamwambia, "Ami, huyu ndiye Nazmi wa kile kitabu." Akavuta kamba, akaikaza.

Sitamnyima haki yake, Nazmi anajua kufundisha. Alisimama kwenye bonde akawaonyesha wanafunzi mshipa mweusi unaokata mlima mwekundu kutoka chini mpaka juu, kama mshono kwenye nguo. Akawaambia itale, lile jiwe jekundu la mlima, ilipasuka zamani, jiwe la moto likapanda kwenye ufa, likapoa, likawa jeusi. Maji ya mvua yakishuka ndani ya mlima hugonga mshipa ule yakasimama, ndiyo maana chemchemi zote za huku ziko kando ya jiwe jeusi. Aliwafanya waguse mawe yote mawili wapime lipi lina moto zaidi. Aliwavunjia jani la shihi wanuse, wakakunja nyuso kwa ukali wake, akawaambia ndiyo dawa ya tumbo. Kisha akasema:

"Mlima huu bahili. Maji unayo, ila haukupi mpaka uujue kwa majina."

Wanafunzi wakaandika. Mimi nikashika fimbo kwa mikono miwili. Maneno hayo ni ya Freij, neno kwa neno, hata ule mkao wa kuegemea jiwe na mguu mmoja juu ni wa Freij. Mtu anaosha masufuria ya watu, na mwingine amevaa maneno yake kama kanzu ya kuazima, anatembea nayo mbele ya watoto wa watu. Nilitamani kumsukuma bondeni, Mungu anisamehe. Lakini kumsukuma kungemfaa nini Freij?

Katika wanafunzi wale kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Ingi, mdogo wa mwili, nyundo imening'inia kiunoni. Huyo haachi kuuliza. Wenzake walimtania, hasa kijana mmoja mcheshi anaitwa Shadi.

"Ingi, punguza," Shadi akasema. "Hata jiwe litachoka kukujibu."

"Wewe hulisikii kwa sababu mdomo wako haufungiki," Ingi akamjibu.

Mchana tulikaa kivulini. Ami Mteir akakanda unga, akafukia mkate kwenye majivu ya moto. Ingi akamgeukia mwalimu wake, macho yanang'aa. Alimpenda, kama mtu anavyompenda mwalimu aliyemfungulia macho.

"Daktari, tusimulie ulivyoigundua Sfeira. Kitabuni umeandika mistari miwili tu."

Nazmi akacheka, akajipangusa mikono. "Nilikuwa peke yangu. Maji yamekwisha, jua kali. Nikauona mshipa mweusi kule juu, nikajiambia, palipo na mshipa pana maji. Nikaufuata bonde kwa bonde, nikapanda kutoka chini mpaka nikatokea chemchemini."

Wanafunzi wakaguna kwa kumsifu. Ami Mteir alikuwa akigeuza mkate, na mkono wake ukasimama juu ya majivu. Mimi na yeye tunajua kwamba Sfeira haina njia ya kutoka chini. Alinitazama, nikatazama chai yangu. Mzee akaupangusa mkate majivu, akaugawa, akatuombea baraka.

Kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye kipito. Mnara ulikuwa pale pale, mweusi, mrefu kunizidi. Ingi akauzunguka mara mbili.

"Daktari, haya mawe si ya hapa. Hapa pote ni nyekundu. Mshipa uko kule, mwendo wa robo saa. Yameletwa na nini?"

"Wachungaji," Nazmi akasema. "Ni alama ya njia."

"Si ya njia," ami Mteir akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema na Daktari tangu jana. "Ni alama ya mtu. Alipewa amana akaiuza."

"Mtu gani?" Ingi akauliza.

"Anaitwa Freij."

Nazmi akainama kukaza kamba za viatu. Kamba zilikuwa zimekazwa.

"Unamjua, Daktari?"

"Freij... kulikuwa na mbeba mizigo mmoja wa jina hilo, zamani. Twendeni, jua linapanda."

Nikaona saa yangu imefika. Nikajiweka kando ya njia, nikainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Daktari, kwetu aliyegundua maji ndiye anayetangulia. Si heshima mimi nikutangulie kwenye chemchemi yako mwenyewe. Tuongoze."

Wanafunzi wakapiga makofi. Angefanyaje? Akacheka, akatangulia.

Akatupeleka chini, kwenye mdomo wa bonde, kama alivyosimulia jana. Tukafika mahali ukuta wa itale unaposimama, mara nne ya urefu wa mtu, umelainishwa na mafuriko mpaka unateleza kama sahani. Hata mbuzi mwitu haupandi. Ingi akaupapasa kwa kiganja.

"Ulipanda hapa, Daktari?"

"Hapakuwa hivi wakati ule. Maji yamelilainisha jiwe."

"Itale?" Ingi akasema. "Kwa miaka kumi na minne? Jana si umetufundisha ni kazi ya maelfu ya miaka?"

Shadi akakohoa kuficha kicheko. Nazmi akasema labda alizunguka juu, mambo ya zamani, mtu husahau. Tukapanda tena. Juu ya Sfeira kuna mawe makubwa kama nyumba, yamelaliana, na nyufa kati yake hazina idadi. Ufa mmoja tu unaingia. Usipoonyeshwa utautafuta mpaka Kiyama.

Akaingia wa kwanza, akatoka. Haupenyi. Akaingia wa pili, tukamsikia anapiga chafya humo ndani, akatoka na mavi ya pimbi magotini. Wa tatu alikwama kwa tumbo, Shadi akamvuta mguu. Mimi nilikaa juu ya jiwe, fimbo mapajani, nikatazama. Nataka niseme ukweli: ilikuwa asubuhi tamu kuliko asubuhi ya harusi yangu.

Ami Mteir akanijia. "Mwanangu, wageni hawa ni amana yako. Jua ni kali. Waonyeshe njia."

"Njia ni ya Daktari, ami. Imeandikwa kitabuni."

"Na watoto hawa?"

Hapo alinigusa. Watoto hawakunikosea kitu. Nikachukua kiriba changu, nikawapa maji mmoja mmoja, nikawakalisha kivulini. Nazmi alipokuja kunyoosha mkono nikamwambia, "Wewe, Daktari, maji yako yako mbele." Akanitazama vibaya, akarudi kwenye mawe.

Alipanda, akashuka, akapanda. Shati limelowa. Kiganja kimechunika, kinavuja damu. Wanafunzi walikuwa wameacha kucheka, wamenyamaza tu, na kunyamaza kwao kulimuuma kuliko kicheko, niliona. Akasimama juu ya jiwe moja, akajipiga paja, akapaza sauti kama mtu anayegombana na mlima wenyewe:

"Hapa palikuwa na mtini! Ulikuwa hapa hapa! Freij aliushika huo mti kwanza, ndiyo tukageuka kushoto..."

Akakoma.

Mtini ulikuwepo kweli, ndio alama ya ramani yake, na wale wa magunia waliufuata huo. Ulikauka miaka mitatu iliyopita, watu wakaukata kuni.

Ami Mteir akainuka polepole, magoti yake yakilia. "Nani aliushika mti?"

"Nimesema... yule mbeba mizigo."

"Mbeba mizigo hufuata nyuma. Umesema aliushika kwanza, ndipo mkageuka. Umesema mkageuka, wewe na yeye." Mzee akatikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi, Daktari. Yako imeishia kwenye kisiki."

Mimi nikateremka kwenye jiwe langu, nikashusha kitambaa usoni. Mbele ya wanaume wageni, ndiyo. Nilitaka anione.

"Ulikunywa vikombe vitatu siku ile," nikamwambia. "Sukari ulitaka vijiko viwili. Ukaweka kiganja hapa, shavuni, ukasema kwa uso wangu hatajua mtu mwingine. Nani alikuwa anamimina chai?"

Akakodoa macho. "Wewe ndiye... yule msichana."

"Yule msichana nani? Ana jina?"

Hakuwa nalo. Wiki tatu za mkate wangu, na jina hakuwa nalo.

"Naitwa Sabha binti Mubarak. Dada yake Freij."

Hapo akakasirika, na hasira ikanimalizia kazi. "Sawa, alinionyesha! Alinionyesha kwa hiari yake, sikumshikia kisu. Lakini mimi sikung'oa hata ua moja. Nilichora ramani tu. Elimu haifichwi, mama, elimu ni ya watu wote."

"Kitabuni umeandika ulikuwa peke yako," Ingi akasema.

"Ingi, wewe bado mdogo, utakapokuwa na kazi yako mwenyewe utaelewa kwamba..."

"Na wazee walipokupigia simu?" nikamkatiza. "Ile simu nayo ilikuwa elimu ya watu wote?"

Ingi akafunga daftari lake, akalitia begini, akafunga na zipu. Siku mbili sikuwahi kumwona bila daftari lile mkononi. Nazmi alimtazama mpaka zipu ikafika mwisho. Nilimwona, na roho yangu ikaburudika. Nasema hivyo hivyo bila haya.

Nikawaingiza chemchemini. Ni hatua nne kutoka pale aliposimama, ufa wa kushoto, unainama kidogo na umefika. Watoto wakanywa, wakanawa nyuso. Maji yapo, kuvu la kijani lipo, nanaa mwitu ipo. Kwenye ukuta mashimo ya ile mizizi bado yanaonekana, kila moja limejaa mchanga. Ingi alipiga magoti akapekua ukuta mzima kwa vidole, ufa kwa ufa, mpaka nikamwambia, "Mwanangu, acha. Mimi nimetafuta miaka kumi na miwili."

Tukarudi kwenye kipito. Ami Mteir akavua kilemba chake cheupe, akakifunga kwenye fimbo, akaichomeka juu ya mnara. Akasimama kichwa wazi, mzee wa miaka themanini, sikuwahi kumwona hivyo. Akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mimi Mteir nilimhukumu Freij bin Mubarak, na nilimdhulumu. Shahidi alikuwepo, nikamwambia akae chini. Uso wa Freij ni mweupe. Nitalisema hili hapa, nitalisema sokoni, na nitalisema mlangoni kwa binti yake."

Kisha akainama kuanza kuporomosha mawe. Nikamshika mkono.

"Usiyaguse, ami. Yana mwenyewe."

"Mwanangu, haki umeshaipata."

"Freij amepata yake. Huyu bado hajapata."

Nikaokota jiwe jeusi, zito, la moto. Nikaliweka juu ya mengine. Nikasema maneno yale ambayo nimeyasikia kwa watoto wa watu miaka yote hiyo, ila nikaweka jina lingine. "Mungu auweke mweusi uso wa Nazmi." Wanafunzi wake tisa wakasikia. Shadi, yule mcheshi, alitazama chini. Na mwongoza njia yeyote atakayepita hapa na wageni ataulizwa mawe haya ni ya nani, naye atajibu.

Nazmi alikuwa amekaa kando, kiganja amekifunga kwa leso. "Na nikiomba msamaha?" akauliza taratibu.

"Kamwombe Freij. Yeye ana moyo mwema, ndiyo maana ulimmaliza. Mimi sisamehi."

Kipitoni ndipo mahali pekee mtandao wa simu unaposhika. Ami Mteir akatoa kisimu chake cha vibonye, akampigia Freij. Miaka yote hii namba yake alikuwa nayo, kumbe. Nikasikia upande wa pili sauti ya maji na masufuria yanagongana. Mzee alijaribu kusema akashindwa, akaanza upya, machozi yakimwingia ndevuni. Akamweleza yote, mtini, ufa, kilemba. Akamwomba radhi mara tatu. Akamwambia, "Rudi mwanangu, mlima wako unakungoja." Kisha akanipa simu.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumsimulia tumbo lilivyokwama, mavi ya pimbi, zipu ya begi. Nilitaka acheke kama zamani.

"Sabha," akasema. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Umetoka juu sasa hivi?"

"Sasa hivi. Freij, ungemwona..."

"Maua yamerudi?"

"Hapana."

"Umetazama upande wa juu, penye kivuli? Kule huchelewa."

"Nimetazama. Na kuna msichana mmoja hapa, ametazama zaidi yangu."

"Hata jani?"

"Hata jani."

Masufuria yaligongana. Mtu akamwita huko, kwa ukali, akimwambia afanye haraka.

"Basi nirudi kulinda nini, Sabha?" akasema, na simu ikakatika.

Wote walikuwa wakinitazama, mzee na kichwa chake wazi, wanafunzi, hata Nazmi.

"Amesemaje?" ami Mteir akauliza.

"Anawasalimu," nikasema, nikamrudishia simu yake.